Kilichobaki Kinywani

Kazi yangu ni kuvusha maneno.
Mosombo husema kwa Kiaka; nayapokea,
nayasuuza kwa Kisango, nayavisha Kifaransa,
na yakimfikia mgeni yamekonda
kama mtu aliyetoka hospitali.

Asubuhi hii aliinamia jani lililokunjika,
akalinusa, akaligeuza kwa ukucha,
akaeleza, mkono wote ukishiriki:
kuwa jike amepita hapa, mtoto mgongoni,
kuwa walilala ng'ambo ya kijito na mvua imewakera,
kuwa dume lao linachechemea mguu wa kushoto
tangu msimu wa viwavi,
na kuwa tukikohoa sasa tutakuwa tumekosa adabu.
Nikamgeukia Madamu Odile:
“Gorila wako karibu.”

Akaandika: karibu.

Nilimpokea Bangui, siku nne nyuma,
joto limeufunika mto Ubangi kama sufuria.
Alitaka utamaduni.
Nikampeleka kwa dada yangu Yamale,
akamkalisha juu ya kreti ya bia,
akamwekea gozo na samaki wa moshi.
Umeme ukakatika. Mtaa mzima ukaguna mara moja,
kisha kila mtu akaendelea na sentensi yake.
Hilo nalo sikulitafsiri.
Halafu barabara: vumbi, vizuizi kumi na vinne,
askari akiomba pesa ya kahawa
kwa namna ambayo si kuomba,
malori ya magogo ya sapeli yakitusukuma majanini.
Baba yangu alipima magogo kama yale
enzi kiwanda cha Bayanga kingali na meno.
Kiaka nilikiokota pale, kwenye unga wa mbao,
nikicheza na watoto
ambao miti yao tulikuwa tukiihesabu.

Saa nane mchana tukatokea Dzanga.
Kumbe msitu nao una ua wake.
Tembo sitini, labda sabini, masikio ya mviringo,
huyu wa manjano, yule mwekundu,
kila mmoja na rangi ya tope aliloogea,
wamezamisha mikonga hadi machoni
wakifyonza chumvi iliyo chini ya maji.
Ngurumo yao haianzi sikioni.
Huanza mbavuni, hupanda.
Madamu Odile alilia bila kujifuta.
Kisha akaninong'oneza:
“Muulize Mosombo anahisi nini.”

Nikamuuliza.
Mosombo akatazama viatu vyake vya plastiki.
“Mwambie nimelowa. Na hawa nyuki wananila macho.”

Nami nikasema, sijui pepo gani alinipanda, nikasema:
“Anasema msitu ni mama yake.”

Kalamu ikakimbia. Ukurasa mzima.

Usiku, kambini, Mosombo akichochea moto:
“Yule mama aliandika nini kirefu vile?”
Njia ya mwongo fupi;
yangu iliishia pale, kwenye majivu.
Nikamwambia.
Akafikiri kwa muda wa kuiva ndizi moja.
“Mama yangu yuko Yandumbe,” akasema.
“Anauza majani ya koko,
na wewe hujamlipa tangu Jumapili.”

Alicheka hadi wenzake wakaamka, nao wakacheka
kabla ya kujua sababu.
Zipu ya hema ikafunguka, kikatokea kichwa cha Madamu,
nywele zimesimama, daftari mkononi:
“Anasema nini? Anasema nini?”

Nilikuwa na Kifaransa cha kutosha.
Nilikuwa na mababu, nyota, roho za miti,
vyote vimepangwa ulimini kama bidhaa.
“Anasema nina deni.”

Likavuka hilo, zima,
na nyama yake yote.
Madamu hakuliandika.

Kesho yake nikapita Yandumbe na faranga mia saba.
Mama yake Mosombo alizihesabu,
akanitazama mdomoni,
akazihesabu tena.