Geuza Simu Kidogo

Waliniambia, wewe si fundi wa eisii?
Basi mambo ya nyaya ni yako.
Hivyo ndivyo nilivyopewa huduma,
bila kuwekewa mikono,
bisibisi mfukoni, vumbi la Wadi Kabir kwenye kola.

Ukumbi wetu hapa Ruwi tunaupokezana.
Wamalayali wakitoka, sisi tunaingia,
viti bado vina joto lao,
na mchungaji hajafika kwenye "hatimaye"
Wafilipino wako mlangoni na magitaa yao.
Saa moja na nusu. Ndiyo Ijumaa yetu nzima.

Mzee Habakuki alipinga.
Ibada si sinema, alisema,
na sadaka itapita wapi, kwenye kioo?
Mama Truphosa akamjibu bila kuinuka:
Wasichana wetu walio majumbani mwa watu
hawana Ijumaa.
Ijumaa ni siku ya wageni, ya masufuria makubwa.
Ukisema waje, waje na nini, mabawa?
Mzee akanyamaza,
akatoa riali tano za bando.

Siku ya kwanza niliifunga simu kwenye stendi
kwa tepu ya mabomba.
Picha ikalala ubavu.
Mchungaji Elkana alihubiri dakika ishirini na mbili
akitembea ukutani kama mjusi,
na sauti sikuwa nimeifungua.

Mtazamaji mmoja.
Jina lake, Jiko la Nyuma.
Nilipogundua kosa jasho lilinitoka,
na eisii ya ukumbi ule niliitengeneza mwenyewe.
Nikaandika: samahani dada, au kaka, hatuna sauti.
Akajibu:
Najua. Natazama midomo. Endeleeni.

Yuko Sohar. Hilo alilitaja wiki ya tatu.
Simu kaiegemeza kwenye kopo la maziwa ya unga,
sikio moja lina waya chini ya mtandio,
la pili ni la kengele ya ghorofani.
"Amina" yake hufika tumekwisha kukaa,
na siku nyingine haifiki yote,
hufika "Ami",
kisha kimya,
nami najua kuna mtu ameingia jikoni.

Wiki ya tano mchungaji alikuwa amepamba moto,
picha imesimama wima, kila neno linasikika,
nami najivuna kidogo, Mungu anisamehe,
ndipo alipoandika:
Huyo nimemwona. Geuza simu kidogo.
Nataka kuona watu.

Nikageuza.
Kilemba cha Mama Truphosa.
Mapacha wa Mbeyu wanagombania biskuti.
Yule kijana wa matairi amesinzia, kiatu kimoja kakivua.
Mzee Habakuki anahesabu vichwa kwa kidole;
kidole kikafika kwenye simu, kikasita,
mzee akanyoosha tai,
akapunga mkono.
Safu nzima ikapunga.
Mchungaji akadhani anapungiwa yeye,
naye akapunga, katikati ya Waefeso.

Jiko la Nyuma aliandika herufi moja tu,
"e",
labda alitaka kuandika neno, labda kidole kilikuwa na sabuni.

Sasa wako arobaini na mmoja.
Salalah, Nizwa, wawili Doha,
na mmoja anayesema yuko garini, anamsubiri tajiri wake.
Tumenunua stendi ya kweli.
Mzee Habakuki ndiye anayegombana nami
kama nimechelewa kuwasha.

Lakini Ijumaa nne sasa Jiko la Nyuma hajaingia.
Labda mkataba umekwisha, yuko kwao,
anapika jikoni kwake.
Labda simu imechukuliwa. Labda ni bando tu.
Niliuliza tumwombee vipi, jina lenyewe hatulijui.
Mama Truphosa akasema, taja hilo hilo,
huko juu wanalifahamu.

Saa tatu kasoro nabonyeza.
Namba inapanda: mbili, tisa, kumi na nne.
Mchungaji anakohoa, anafungua kitabu.
Simsubiri.
Naigeuza polepole,
kuanzia mlangoni.