Skrubu Kumi

Tuliinunua mwaka ule Aino alipoanza shule,
na Aino siku hizi anaendesha lori la magogo
kati ya Oulu na Kemi, usiku, peke yake.

Nikishaiwasha naenda kupika kahawa.
Nikirudi na kikombe kimefika nusu
ingali inazungusha kale kaduara kake
kama mtu anayetafuta miwani
iliyo juu ya paji la uso wake.

Tuomo anasema tununue nyingine.
Ameleta karatasi ya duka, ameizungushia wino mwekundu:
yuro mia sita tisini na tisa,
nyembamba kama mkate mkavu,
haina feni, haina kelele,
haina hata pa kutia bisibisi.
"Na ikiugua?"
"Haiugui."
Kipya kinyemi, nikasema,
nikaiacha methali hapo, bila kidonda chake.

Mimi miaka ishirini na minane nilikuwa fundi wa mita za maji.
Nimeshuka vyumba vya chini vya nusu ya mji huu.
Mita inayokoroma bado ina la kusema;
ya kuogopwa ni ile iliyonyamaza
na maji yanaendelea kupita.

Basi nikapiga hesabu nyuma ya bahasha:
diski sitini, kumbukumbu thelathini,
feni kumi na mbili. Mia moja na mbili.
Usipoziba ufa, na kadhalika.
Lakini bahasha ilikuwa ya benki, na ndani yake waliandika
kwamba kuanzia Oktoba hawatampokea tena
mteja wa umri wangu.
Nikavaa miwani.
Mashine ya umri wake.

Jumamosi, baridi nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
nikatandaza gazeti juu ya meza ya jikoni,
nikaifungua.
Skrubu kumi, nikazihesabu moja moja
ndani ya kikombe cha yai.

Vumbi lilikuwa limejifuma likawa kitambaa,
kijivu, kizito, chenye joto bado.
Na ndani ya kitambaa, nyuzi nyekundu.
Nilidhani waya zimechunika.
Nikavuta moja kwa kibano:
Ruska.

Ruska, aliyelala miaka yote chini ya dawati
kwa sababu mashine ilimpulizia tumboni.
Ruska, tuliyemzika ukingoni mwa msitu
majira manne ya baridi yaliyopita, kwa shoka kwanza,
ndipo kwa koleo.
Kumbe alikuwa ameizibia feni pumzi
na sisi tukalaumu uzee.

Tuomo akaja, karatasi ya duka mkononi.
Hakusema kitu. Akaokota unywele mmoja,
akauinua kwenye mwanga wa dirisha,
akaurudisha — si kwenye gazeti,
kikombeni, juu ya skrubu.

Halafu, wa kwanza kusema ni yeye:
"Diski sitini si pesa nyingi."
Na mimi, mwenye bisibisi,
mimi niliyebishana tangu Krismasi,
nikasikia mdomo wangu ukisema:
"Na hiyo benki je? Tununue mpya."
Tukatazamana kama watu
waliochukuliana makoti kwenye karamu.

Niliipangusa. Nikaifunga. Nikaiwasha.
Feni ilizunguka bila kukoroma,
na kahawa ilikuwa haijachemka
skrini ilipotufungukia, bluu,
haraka hivi, kama haijawahi kutuchelewesha.
Nyumba ikawa kimya.
Sikuupenda ukimya ule.
Tuomo naye alijifanya anakoroga supu.

Duka linafungua Jumatatu saa nne.
Karatasi iko pale, chini ya sumaku ya friji.
Nimerudisha skrubu tisa;
ya kumi imebaki kikombeni, imezungukwa na unywele,
na asubuhi ya leo Tuomo amekula yai lake
kwenye glasi.