Tisa

Duqm, jua bado halijashika mabati.
Nafungua kasha la umeme la kambi;
kutu imekula bawaba, mlango wanibaki mkononi.
Fyuzi za kauri, nyaya zimekauka mpira,
na penye fyuzi ya sita mtu kachomeka msumari.
Msumari! Biju anacheka, kisha anaacha kucheka.

Kabini kumi na mbili, viyoyozi kumi na viwili,
kwa kasha lililopimiwa enzi za feni.

Nyuma ya mlango, kwa penseli, Kiswahili:
*4 jiko. 7 zamu ya usiku, wamelala.
9 mgonjwa. Usizime.*

Nani huyu? Msimamizi hajui.
Tisa siku hizi ni stoo:
saruji, madebe ya rangi, godoro limekunjwa.

Nazima moja. Mbili. Tatu.
Kambi inanyamaza kabini kwa kabini.
Kwenye nane mkono unaruka, unakwenda kumi.
"Tisa je?" Biju auliza.
"Ngoja."
Tisa niliizima mwisho, polepole,
kama anayefunga mlango wa chumba cha mtu.

Alasiri umeme ulirudi.
Swichi mpya, nyeupe, zote wima;
waya wa kijani na njano umeshuka mchangani
hadi kwenye nondo ya shaba, haukuwahi kuwapo.
Nikabandika lebo zilizochapwa.
*9 stoo.*

Gari la chuma chakavu lilipita Alhamisi,
likabeba kasha, fyuzi, hata ule msumari.
Mlango uko chini ya kitanda changu.
Biju hajauliza.