Jogoo Chini ya Sahani

Kwa Mangi, kona ya Pasua, zinaitwa adesi.
Mama yangu, Mpare wa Usangi, aliziita dengu nyekundu.
Binti yangu Mkunde anaziita "zile vigeugeu":
zinaingia sufuriani na rangi ya chungwa,
zikiiva ni njano, wala haziombi radhi.

Nusu kilo. Mangi anaongeza punje mbili tatu kwa vidole
ili mizani ione aibu, iiname.
"Nyama mmeacha? Mmehamia kwa Wasabato?"
Tumehamia Januari, namwambia.
Anacheka, anafunga gazeti, haandiki kitu daftarini:
leo nimelipa.

Nyumbani, juu ya cherehani, kuna kadi tatu za michango,
harusi, kipaimara, harusi ya mtu nisiyemjua,
na karatasi ya ada niliyoikunja mara nne
kana kwamba ikikunjwa itapungua.
Nakundwa ana zamu ya usiku, wodi ya wazazi.
Kwa hiyo mwiko ni wangu tangu magharibi,
mimi niliyezoea kupima watu viuno,
si kupima chumvi.

Nakaa kizingitini na ungo, nachambua.
Sindano imenifundisha macho: kijiwe,
kijiti, punje nyeusi iliyokataa kuwa dengu.
(Kijiwe kimoja kilinipita wiki jana. Jino la nyuma
bado linanikumbusha.)
Naosha mpaka maji yaache kufanana na maziwa.
Kitunguu kimoja. Nyanya za fungu la jioni,
mama wa Mbuyuni huzitoa nusu bei zikianza kutoa machozi.
Tangawizi kidogo. Bizari.
Kitunguu saumu kikilia kwenye mafuta
jirani hukohoa nyuma ya ukuta, akajua tunakula.

Usiku wa kwanza Elinami alikoroga sahani kwa kijiko,
akachungulia, akakoroga tena.
"Baba, nyama iko wapi?"
Iko chini, nikasema.
Njia ya mwongo ni fupi, najua;
yangu ilikuwa na urefu wa kijiko.
Akala akitafuta. Akala kwa bidii ya mchimba kisima,
wali wa Chekereni, mchuzi, kipande cha parachichi
lililodondoka kwa jirani likachagua upande wetu wa ua.
Nikatazama sahani yangu nisimtazame yeye,
nikiandaa maneno ya mwisho wa mwezi,
ya mshahara wa mama.

Kijiko kikagonga bati.
"Nimempata!"

Sahani zile ni za marehemu mama,
zilishuka kutoka Usangi baada ya matanga
zimefungwa ndani ya kitenge chake.
Na chini ya kila moja, chini kabisa, amechorwa jogoo,
mkia wa kijani, upanga mwekundu uliobanduka nusu.
"Kuku mzima, Baba! Mbona hawiki?"
Mkunde, wa darasa la tano, akajibu bila kuinua uso:
"Jogoo la shamba hilo. Haliwiki mjini."

Tangu hapo ni mashindano.
Juzi nilizipika nzito, za kuchovya chapati. Jana kwa mnafu.
Leo nimezimwaga juu ya ndizi mchare,
nikasimama na mwiko kama refa
huku vijiko vikikimbilia chini.
Hata mimi nimeanza kukwangua.

Saa moja asubuhi geti linalia. Nakundwa
hajavua hata viatu vyake vyeupe.
Nimemwekea sahani, nimeifunika kwa nyingine.
Anakula amesimama, dengu baridi,
mimi nikijifanya nimelala.
Watoto watatu wamezaliwa usiku huu, ataniambia baadaye,
na mmoja alikawia kulia.
Namsikia akikwangua. Ananyamaza.
Kisha, kwa sauti iliyochakaa, ndogo, isiamshe mtu:
"Kokoriko."