Kibao cha Kijito cha Wessel

Kila Aprili, mitaro ikishaimaliza theluji kuinywa,
idara ya barabara hunituma na makopo mawili:
buluu ya usuli, njano ya herufi,
na brashi nyembamba kama nyusi ya mtoto.
Napiga magoti kwenye kokoto. Malori yananipita kwa kishindo.
Nasoma kwa sauti, ingawa hakuna anayesikiliza:

HAPA, ASUBUHI YA TAREHE TISA OKTOBA 1777,
REJIMENTI YA TATU YA WANAMGAMBO WA KLAVER
ILISIMAMA IMARA.
WALIANGUKA KAPTENI TEUNIS OOSTERHOUDT,
LUTENI BARENT SLINGERLAND,
NA WENGINE SABA.

Hapa. Neno hilo lina uongo kiasi.
Gari la kusukuma theluji limekigonga kibao mara tatu,
na kila mara tulikichomeka pale udongo ulipokubali.
Mashujaa wetu wamehama hatua arobaini
bila kuinua mguu;
sasa wanalinda kibanda cha maboga cha Amsden.

Amsden huokota risasi akilima,
gololi za kijivu, nyingine zimebonyea.
Huzitia kwenye chupa ya jemu kando ya mizani,
watoto huzitikisa wakingoja chenji.
Moja ina alama za meno.

Imara nayo ina maneno.
Nimelisoma daftari la kanisa, chini ghalani, kwenye baridi,
mwandiko wa mchungaji umelala kama nyasi baada ya mvua:
walikimbia hadi maji ya kiuno,
kisha wakarudi, kwa kuwa ng'ambo hapakuwa na pa kujificha,
na mpiga ngoma alikuwa bado analia huku.
Washona viatu. Wasaga ngano. Mtu na shemeji yake.
Bunduki zao za kuwindia bata,
viazi vyao bado viko ardhini.
Kwenda kwa mwoga kicheko, kwenda kwa shujaa kilio:
hawa walikitaka kicheko,
walikielekea mbio, viatu mkononi,
kisha wakageuka.
Kugeuka huko hakumo kibaoni.
Chuma hulipiwa kwa herufi.

Na wengine saba.
Sita wana majina daftarini, na majina ya mama zao,
na mmoja ana deni la shilingi nne kwa mhunzi.
Wa saba ana mstari huu:
*Yaff, mtumwa wa Oosterhoudt, kwa zamu ya kijana wa bwana wake,
aliyekuwa na mafua.*

Mafua.
Nilifunga daftari, nikalifungua tena,
nikidhani nimesoma vibaya.
Yaff alikufa kwa mafua yasiyo yake,
kwa uhuru usio wake,
ndani ya koti ambalo, mchungaji anaeleza,
lilirudishwa, likafuliwa.
Kurasa mbili mbele, mwezi Machi, Bett mkewe anauzwa
pamoja na kitanda.
Kitanda kimeelezwa kwa maneno mengi kuliko yeye:
mti wa mcheri, miguu ya kuchongwa, ufa mmoja.

Nilimpelekea msimamizi, bwana Coonradt, nakala.
Aliisoma akiwa amesimama. Akavua miwani.
"Delphine," akasema, "wewe paka kilichoandikwa."
Si mtu mbaya. Ana bajeti.

Basi napaka kilichoandikwa.
Kapteni, mkono mmoja wa rangi.
Luteni, mmoja.
Imara, mmoja, tena haraka haraka, upepo ukivuma.
WENGINE nalipaka mara tatu,
nikingoja kila mkono ukauke,
nikila sandwichi yangu mtaroni,
nikirudi na brashi safi.

Jua la huku halina adabu kwa vyeo.
Kufika Septemba, kapteni ameshapauka,
rejimenti imekuwa ukungu wa njano,
na dereva anayetoka kwenye kona ya Amsden
huona neno moja tu likiwaka.
Kiti cha nyuma mtoto atauliza: wengine akina nani?
Na baba yake, asiyejua,
itambidi apunguze mwendo.