Jino la Alhamisi

Dukani nimesema naenda kung'oa jino.
Alhamisi ya kwanza Kimotho alisema pole.
Ya pili akauliza, bado?
Ya tatu akaacha kuhesabu beringi, akanitazama:
"Musembi, kwani wewe una meno mangapi?"

Nina thelathini na mbili, yote mazima.
Kinachouma hakina mahali.
Huamka saa tisa usiku, kabla ya mwadhini wa Pangani,
kikanikalia kifuani
kama mfuko wa simiti ulionyeshewa,
kisha kikaanza maswali yake:
ulifunga gesi?
mbona yule mteja hakukuaga?
ukifa humu chumbani, kodi ya mwezi atadaiwa nani?

Mchana mimi ni fundi wa kusikia.
Zungusha beringi karibu na sikio langu
nikuambie imeliwa upande gani,
itakufikisha Salama au itakuacha Salgaa.
Yangu husaga usiku kucha
nami nasema ni mvua.

Mama akipiga simu kutoka Mwala huyaita mawazo.
"Una mawazo mengi, mwanangu. Yapunguze."
Kana kwamba ni chumvi.
Mchungaji aliyapa jina jingine,
akalikemea mara tatu, jasho likimtoka.
Halikutoka.
Nikamwonea huruma, nikasema limetoka.

Mwezi wa saba jua lilikosekana Nairobi wiki mbili nzima,
nikapata kisingizio.
Vyombo vililala kwenye beseni hadi maji yakaota ngozi.
Siku moja niliketi ukingoni mwa kitanda nimeshika soksi
tangu taarifa ya habari ya saa moja asubuhi
hadi jirani akaanza kukaanga vitunguu vya mchana.
Soksi moja.
Utamwambia nani kwamba ulishindwa na soksi?

Nilimwambia Bi. Naliaka.
Ofisi yake iko Ngara, ghorofa ya tatu,
juu ya duka la masanduku ya safari.
Unapanda ukiyapita, matupu yote,
kila moja na bei yake na kikufuli chake.
Hakucheka. Hakusema jipe moyo.
Aliuliza, "Soksi ya mguu gani?"
Nikalia,
mtu wa miaka arobaini na moja, shati limepigwa pasi,
kwa sababu ilikuwa ya kushoto, yenye tundu kisiginoni,
na hakuna aliyewahi kuuliza.

Yeye huiita sonona.
Na wasiwasi, anasema, ni pacha wake,
hutembeleana bila kubisha hodi.
Nilidhani sonona ni neno la wasomaji wa habari.
Nikashuka ngazi nikilirudia, so-no-na,
kama namba ya spea:
ukishaijua,
unaweza kuiulizia kaunta yoyote.

Sijapona. Nisikudanganye.
Jana saa tisa kiliamka, nikaamka nacho.
Nikahesabu pumzi nilivyofunzwa, nne ndani, sita nje,
nikapotelea kwenye tano, nikaanza upya,
nikapotea tena.
Vyombo vimeoshwa. Sufuria ya ugali bado.
Nyama nimeiacha ili Alhamisi ilipike,
na Mama bado hajui.

Leo tukifunga, Kimotho aliteremsha shata nusu
akabaki ameishika.
Mkewe tulimzika Februari.
Tangu hapo hufungua duka saa kumi na mbili,
hata Jumapili, hata kama hakuna gari la kutengenezwa mjini.
Akaiambia kufuli:
"Huyo daktari wako wa meno,
humwona na mtu asiye na jino bovu?"

Nikapapasa kalamu.
Nikageuza risiti ya beringi mbili za Probox,
nikaandika nyuma yake:
Ngara. Ghorofa ya tatu.
Yapite masanduku.