Nachukua Uzi

Mfuniko wa sufuria ulianguka, basi.
Bati juu ya sakafu, kitu cha kila siku,
na mimi nimekwisha simama,
kofia ya watu imeniponyoka, sindano sijui iko wapi,
mkono umeshafika shavuni kwa Mwanahamu.
Miaka saba alikuwa. Alitaka kuonja mchuzi.

Sikuamua. Ndivyo nilivyomwambia Famau:
mkono ulinitangulia.

Famau ni muuguzi, mtoto wa binamu yangu,
amesoma, lakini bado anavua viatu mlangoni.
Alichukua bili ya stima, akaigeuza,
akachora kichwa kibaya kama muhogo.
"Humu ndani, usawa wa masikio,
kuna kitu mfano wa lozi. Viwili, kulia na kushoto.
Kazi yake ulinzi. Hakijui kusoma, hakijui tarehe.
Usiku ule wa moto wa Langoni
kilisikia mtungi wa gesi ukipasuka,
kikaandika: chuma kikilia, kimbia.
Tangu hapo chuma ni chuma.
Kinapiga king'ora kabla habari haijafika
huku mbele, nyuma ya paji la uso,
kwa yule anayepima na kuuliza:
je, si mfuniko tu?"

Nikamwambia wazee walishasema,
aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka;
ninyi mmekaa chuoni miaka minne
mkarudi na ung'ongo.
Akacheka. "Ila hawakutuambia
ung'ongo unaushikaje hata mwili uamini."

Mama alikuwa na dawa yake, kombe,
zafarani juu ya sahani nyeupe.
"Ndoo unwe, mwanangu. Ni jicho hilo."
Nikanywa. Famau hakukataza.
Alisema tu, kunywa polepole,
na pumzi itoke ndefu kuliko ilivyoingia;
uko mshipa wa fahamu unaoshuka toka shingoni
hadi moyoni, hadi tumboni,
hauelewi maneno, unaelewa pumzi.

Nikaipeleka pumzi kwenye kofia.
Sindano ikizama, navuta.
Uzi ukitoka, natoa, mpaka uzi uishe.
Kito kimoja. Kito cha pili.
Kuna siku nafumua kazi ya asubuhi nzima.
Fundi anapigilia bati kichochoroni,
moyo unanipanda kooni, nauacha upande.
Sijitukani tena.
Zamani nilijiita mkali, damu ya baba,
na watu wakakubali, maana ni rahisi kukubali.
Wiki ya tatu nililala mpaka adhana.

Lakini hakuna aliyenichorea kichwa cha pili,
kile kidogo.
Shaabani, nilinyoosha mkono rafuni
kutafuta uzi mweupe,
na Mwanahamu, kichwa kitabuni, akainamisha shingo.
Hata hakuniangalia. Shingo ilimtangulia.

Nikabaki na mkono hewani.
Lozi mbili, changa,
na humo ndani hamna moto, hamna mtungi.
Mna mimi.

Nilitaka kulia, nikaona nitamtisha zaidi.
Famau anasema ubongo hujifunza mpaka kaburini,
njia isiyopitwa huota majani,
ila haioti kwa radhi ya siku moja.

Basi siku hizi, nyumba hii ya kupanga, Mkomani,
majirani wakisikia wanadhani nimechanganyikiwa:
"Mwanahamu, nauinua mkono. Nachukua uzi."
"Mwanahamu, nauinua mkono. Nazima taa."

Leo asubuhi alikuwa na mkate mdomoni.
"Mama, nimesikia," akasema. "Si uchukue basi."
Shingo ilisogea kidogo.
Kidogo. Niliiona.